Liage Likiwa Bado Linatembea

Magari mengi ya zamani hayaagwi, huachwa. Gari linaegeshwa siku moja kwa sababu ya klachi au wota pampu, mwenyewe anasema atalishughulikia mwisho wa mwezi, na miezi inageuka miaka. Hakuna aliyeamua chochote. Gari lililobeba watoto, mizigo na wagonjwa kwa muda mrefu linaishia chini ya mti, majani yamejaa kwenye boneti, na siku mwenyewe anapokubali kwamba safari imeisha hana tena cha kumkabidhi mtu: si gari la kuuza, si spea za maana.

Ndiyo maana nasema gari unalolipenda liage likiwa bado linawaka na kutembea, na hali yake uijue kwa vipimo, si kwa hisia. Kuaga kwa namna hiyo ni kazi ya mikono kama kazi nyingine za gereji. Ina hatua zake, na inalipa gari heshima kuliko kuliachia mvua.

Kwanza tuone maegesho ya muda mrefu yanafanya nini, kwa sababu wengi wanadhani gari lililosimama linapumzika. Petroli huanza kuharibika ndani ya miezi michache: sehemu zake nyepesi zinaruka, zinazobaki zinageuka utando wa gundi unaoziba nozeli, na kwenye gari la kabureta unaziba vitundu vidogo vya jeti. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia. Ikikaa muda mrefu chini ya 12.4, salfeti inaganda kwenye sahani zake, na baadaye hata chaja haiifufui. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, unyevu unaleta kutu ndani ya kalipa, pistoni zinakwama. Handibreki iliyovutwa inagandisha breki za nyuma. Tairi zinapata bapa upande uliokandamizwa. Panya wanakula nyaya. Lakini baya kuliko yote liko ndani ya injini: injini ikizimwa, silinda mojawapo hubaki na valvu wazi, unyevu unaingia kupitia humo, na ringi za pistoni zinashikana na ukuta wa silinda. Atakayekuja kupiga stata kwa nguvu baada ya miaka mitatu anaweza kuvunja ringi ambazo zingepona kama angetia oili kidogo kupitia matundu ya plagi, akaiacha siku nzima, kisha akaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, polepole.

Basi uamuzi uje mapema. Na swali la kwanza la kujiuliza si la injini.

Injini ndiyo watu wanayoililia, lakini injini hushushwa, ikafunguliwa, ikawekwa ringi na beringi mpya, au ikabadilishwa nzima. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa Marekani, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966, na mwaka 2013 lilipita maili milioni 3, yaani karibu kilomita milioni 4.8. Injini ya gari lile ilifanyiwa ovahoo zaidi ya mara moja njiani, na gari likabaki lilelile. Kisichorudi kirahisi ni bodi na chesisi. Magari mengi madogo hayana chesisi ya peke yake: sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa ndivyo vinavyobeba uzito, na ndivyo vinavyojikunja kwa mpangilio ajali ikitokea ili aliye ndani apone. Bati likiliwa pale, ulinzi wote huo umekwenda, hata kama injini inanguruma vizuri.

Ukaguzi wa kutu unahitaji vifaa vichache: bisibisi butu, nyundo ndogo, tochi, na sumaku iliyofungwa kitambaa. Gari lipandishwe kwenye stendi imara, kamwe si jeki peke yake. Toa mazulia yote, ya mbele na ya buti. Anza na vizingiti vya milango kwa chini, sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya miguu ya abiria na dereva, kikombe cha tairi la akiba, juu ya shokamzoba zinapofungwa kwenye bodi, mahali springi za nyuma zinapokalia, na mahali bolti za mikanda ya usalama zinapoingia. Gonga taratibu. Bati zima lina mlio mkali na mfupi. Lililoliwa lina mlio mzito, wa kufa. Kandamiza bisibisi kwa nguvu ya kidole gumba: ikizama, hapo ni tundu, hata kama rangi ilikuwa nzuri sekunde moja kabla. Sumaku isiposhika, kuna puti nene, au fibaglasi, na aliyeiweka alikuwa anaficha kitu.

Kutu hiyo huanzia wapi? Mara nyingi huanzia kwenye maji yaliyokosa pa kutokea. Chini ya waipa, mbele ya kioo, kuna mfereji wenye matundu mawili ya kumwaga maji ya mvua. Majani yakiyaziba, maji yanafurika na kuingia kwenye kabini, yanatua chini ya zulia, na ile sponji ya kuzuia kelele inayashika kwa majuma. Sakafu inaoza kutoka ndani huku chini kunaonekana pazima. Milango nayo ina vitundu kwenye ukingo wa chini. Vikizibwa na rangi au tope, mlango unajaa maji na kuoza pale unapokunjwa. Ndiyo maana zulia la mbele lenye unyevu ni habari mbaya kuliko rangi iliyopauka. Ukiona kiputo cha rangi, hata kidogo kama kucha, ujue mara nyingi kutu imetoka upande wa pili wa bati na imeshamaliza safari yake.

Kuna jaribio moja ambalo nalipenda kwa sababu halidanganyi. Gari likiwa limesimama sakafu tambarare, fungua na kufunga milango yote, sikiliza inavyoshika. Kisha pandisha kona moja kwa jeki hadi tairi liachie ardhi, ufungue na kufunga tena mlango wa upande huo. Bodi isiyo na kasoro haibadiliki. Mlango ukianza kugusa nguzo, au ukagoma kushika kitasa, au nafasi kati yake na mlango wa jirani ikabana juu na kupanuka chini, bodi inapinda katikati. Gari la namna hiyo halistahili kubeba familia, na hakuna pedi mpya za breki zitakazobadilisha hilo.

Kutu ya juu juu inasuguliwa kwa brashi ya waya, inapakwa dawa ya kutu, praima na rangi. Tundu la sakafu lililo mbali na vifungio linachomelewa, mradi fundi akate bati hadi afikie chuma safi chenye nguvu. Kiraka juu ya bati bovu ni kazi ya kupoteza: moto wa kuchomelea unaunguza kinga upande wa ndani, mahali brashi haifiki, na kutu mpya inaanza nyuma ya kiraka ndani ya mwaka. Lakini kutu ikishafika kwenye vifungio vya saspensheni, kwenye steringi boksi, kwenye mikanda ya usalama, au kwenye vizingiti vyote viwili, mimi ningeaga. Kitaalamu yote yanatengenezeka. Ila kazi ile ni ya kuujenga upya mwili wa gari, na anayeianza aijue gharama na muda wake mapema.

Ukiwa bado chini ya gari, fuata paipu za breki kwa mkono kutoka mbele hadi nyuma. Zinaliwa pale vibanio vinapozishika, kwa sababu tope hukaa hapo. Paipu iliyovimba au yenye magamba hupasuka siku mguu unapokanyaga kwa nguvu zote. Hiyo ibadilishwe hata kama gari linauzwa kesho.

Sasa injini, kwa kifupi zaidi. Ipashe moto hadi joto la kawaida la kazi. Toa plagi zote, zima mfumo wa petroli na wa umeme wa plagi kwa kuchomoa fyuzi au soketi zake, funga geji ya kompresheni (ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda) kwenye silinda ya kwanza, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, kisha piga stata hadi sindano iache kupanda. Andika namba, nenda silinda inayofuata. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya bar 10 na 14, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Lililo muhimu zaidi ni kwamba silinda zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Silinda ikisoma chini, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu ndizo zinazovuja. Silinda mbili za jirani zikisoma chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi imekatika kati yake.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu wakati wa kuwasha kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, na gari la hivyo lina miaka mbele yake. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, huku maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Baada ya bodi na injini huja hesabu. Watu wengi hufuata kanuni kwamba matengenezo yakizidi thamani ya gari, uza. Naiona kanuni dhaifu. Gari la zamani lina thamani ndogo sokoni hata likiwa zima, hivyo klachi moja tu inaweza kuikaribia, na bado klachi hiyo ikakupa miaka mitano ya kutembea. Hesabu yenye maana ni hii: chukua risiti za miezi 24 iliyopita, toa kwanza oili, pedi, tairi na mikanda ya injini, maana hivyo gari lolote linakula, hata jipya. Angalia yanayobaki. Kama ni hitilafu za sehemu tofauti tofauti, leo alteneta, mwezi ujao steringi, kisha giaboksi, na zinakaribiana, basi gari limechoka lote kwa pamoja na kila spea mpya inafunua udhaifu wa jirani yake. Kama ni hitilafu ileile inayorudi, huenda gari halijaisha; ugonjwa haujapatikana.

Mfano mzuri ni gari linalochemsha. Linabadilishiwa thamostati, kisha rejeta, kisha wota pampu, na bado linachemsha, mwenyewe anakata tamaa anaamua kuliaga. Kumbe gasketi ya hedi inasukuma moshi wa silinda kwenye maji. Kuna dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta: injini ikizunguka, moshi ukiwemo kwenye maji dawa inageuka manjano. Ni kipimo cha dakika chache, na kinafaa kifanywe kabla ya kulihukumu gari.

Kitu kingine kinachomaliza magari ya miaka ya 1980 na 1990 ni kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini. Ndani yake mna kapasita zenye majimaji ambazo huvuja kwa uzee na kula njia za shaba kwenye kibao. Gari linamisi, linazima likipata moto, linawaka tena likipoa, na spea mpya haitengenezwi tena. Fungua kiboksi unuse: harufu kama ya samaki na madoa chini ya kapasita ni ushahidi tosha. Fundi redio mzuri akiwahi anabadilisha kapasita zote na gari linarudi barabarani. Akichelewa, njia za shaba zimekatika, na kukosekana kwa boksi hilo moja kunatosha kuliaga gari zima.

Tuseme uamuzi umefikiwa. Kama gari linatembea, lina breki, na bodi yake imepita ukaguzi, litafutie mmiliki mwingine. Lisafishe ndani na nje, lakini injini usiipige maji ya presha. Maji yanaingia kwenye soketi za umeme na gari lililokuwa zima linaanza kumisi mbele ya mnunuzi. Usilipashe moto kabla hajafika. Gari linalowashwa likiwa baridi kabisa linasema ukweli kuhusu betri, plagi, sili za valvu na mnyororo wa taiming, na mnunuzi makini atagusa boneti kwanza kuona kama umelitangulia.

Andika karatasi moja ya hali ya gari. Weka humo tarehe na kilomita za mara ya mwisho ya taiming belti, aina ya oili ya injini na ya giaboksi, umri wa betri, tarehe za tairi (zimechapwa ubavuni: tarakimu nne, mbili za kwanza juma, mbili za mwisho mwaka, kwa hiyo 2319 ni juma la 23 la 2019), na kila kasoro unayoijua, pamoja na zile tabia ambazo wewe umeshazizoea: kioo kinachohitaji kusaidiwa kwa mkono, gia ya pili inayokataa kuharakishwa asubuhi. Taiming belti ipewe uzito wa pekee. Kwenye injini nyingi, ikikatika pistoni zinagonga valvu na injini inakufa palepale, na mmiliki mpya hana namna ya kujua umri wake kwa kuitazama. Ukiacha kumwambia hilo, mengine yote kwenye karatasi hiyo hayana maana.

Kabidhi na vitu vidogo vinavyosahaulika: ufunguo wa pili, kichwa cha kufungulia nati za kuzuia wizi wa matairi, namba ya siri ya redio, kitabu cha gari. Futa simu zote zilizounganishwa, anwani ya nyumbani kwenye ramani ya gari, na kumbukumbu ya geti kama gari lina kitufe cha kulifungua. Chungulia chini ya viti, kwenye kikombe cha tairi la akiba na nyuma ya kiti kinachokunjwa. Karatasi za watu hujificha huko miaka.

Gari lililoshindwa ukaguzi wa bodi lina njia nyingine, nayo ni ya heshima pia: litoe spea. Injini nzima, giaboksi, milango isiyo na kutu, taa, vioo, alteneta, stata, difu, na kontroli boksi iliyo hai vinaweza kuyaweka barabarani magari mengine kadhaa ya aina yake. Anza na vimiminika vyote, kila kimoja kwenye chombo chake. Maji ya rejeta yenye kulanti yana utamu unaovutia wanyama na yana sumu inayoharibu figo, hivyo hata bakuli moja lisiachwe wazi. Gesi ya AC haifunguliwi hewani; inavutwa kwa mashine, kwa sababu kilo moja ya R134a, mojawapo ya gesi hizo, inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kabonidayoksaidi. Tangi lililotolewa petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke ndio unaolipuka. Usilete grainda wala moto wa kuchomelea karibu yake.

Puto za usalama zina baruti. Ondoa waya wa betri, anza na hasi, kisha subiri angalau dakika 10 ndipo uguse usukani au dashibodi. Usizipime kwa mita ya umeme. Ukishalitoa puto, lilaze uso wake ukitazama juu, lisifunikwe na kitu. Kwenye gari la haibridi, nyaya za rangi ya machungwa zina volti za kuua. Waachie waliofunzwa kazi hiyo.

Usilipeleke gari kwa wa chuma chakavu likiwa na kichujio cha moshi, kile mafundi wanachokiita masega, ukakubali kipimwe kilo kama bati. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei yake ni suala la peke yake. Kinachobaki hubanwa, kusagwa, sumaku ikatoa chuma, alumini ikatengwa, na chuma kikayeyushwa kuwa chuma kingine.

Watakaoshindwa kabisa kuachana nalo, na nawaelewa, wanapaswa kulihifadhi kwa kanuni: oili mpya kabla ya kuegesha, kwa kuwa oili chafu ina asidi, tangi lijae ili pasiwe na nafasi ya unyevu, hewa ya tairi iongezwe, handibreki iachiwe na magurudumu yawekwe vizuizi, betri itolewe na ichajiwe kila mwezi, paa lenye hewa badala ya turubai la plastiki linalofungia jasho. Kuliwasha dakika tano kila juma hakusaidii: injini haipati joto la kukausha maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, nayo yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Ama liendeshwe nusu saa, ama lisiguswe.

Ukitaka kumbukumbu, chukua kichwa cha gia, funguo, picha ya mita ya kilomita. Kibao cha namba ya chesisi usikichukue wala kumpa mtu. Magari ya wizi huvalishwa vibao vya namna hiyo.

Siku ya makabidhiano, andikeni karatasi mbili zenye namba ya chesisi, namba ya injini, kilomita, tarehe na saa, kila mmoja atie saini na abaki na nakala. Bima isisitishwe hadi umiliki uhame. Linalokwenda kusagwa lifutwe kwenye daftari la usajili, lisiendelee kuhesabiwa kwa jina lako. Majuma machache baadaye uliza tena kwenye daftari hilo kama jina limebadilika. Kama bado, ile karatasi yenye saa ndiyo kinga yako, na inafaa kumtafuta mnunuzi mapema, kabla faini ya kwanza haijakufikia.